Mstari Nilioufuta kwenye Wimbo wa Uyoga

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya utafiti nilipewa kiti, chupa ya wino na rundo la kadi tupu. Ilikuwa Tabora, wakati wa Mwingereza. Nilikuwa binti wa kijiji cha Itetemia na mwalimu wa darasa la kwanza, nikaazimwa na ofisi ya wakaguzi wa shule kwa sababu hati yangu ilisomeka na Kinyamwezi nilikijua tangu tumboni.

Bwana Mkaguzi, Mwingereza mrefu aliyesema Kiswahili cha vitabuni, alinieleza kazi akiwa amesimama.

“Mwalimu Veronika, kabla ya shule watoto wa huku walijifunzaje mambo ya ndege, miti na mvua?”

“Kwa kuimba, bwana.”

“Basi niletee nyimbo. Kila wimbo na kadi yake.”

Kadi ilikuwa na sehemu nne: maneno ya wimbo, tafsiri, mahali ulipoimbwa, na jina la mtoa habari, yaani mtu aliyekuimbia. Nilizunguka vijiji vilivyofuata njia ya zamani ya misafara. Babu zetu walipita njia hiyo na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na nyimbo za kila nchi. Nilijifunza kwamba mtu haimbi akiambiwa “imba”. Unapepeta naye, unachambua naye mboga, na wimbo unatoka wenyewe.

Mtoa habari wangu mkubwa alikuwa Bi. Kalunde wa Mtendeni, mama mtu mzima aliyeuza uyoga na asali. Ulimi wake ulikuwa mkali. Siku aliponiimbia wimbo wa uyoga alikataa nikae nikiandika. Alinipeleka porini kwanza. Wimbo ule uliwataka watoto wachume wa njano, wachume na mweupe. Ulipofika mwisho alipiga magoti, akafukua udongo kwenye shina la uyoga mweupe, akanionyesha kifuko kama kikombe kilichoshika mguu wake, akamalizia kwa sauti ya chini: mweupe mchimbe mguu, ukimkuta amekaa kikombeni, mwache, ameua watoto wa watu.

“Huo ndio mkia,” akasema. “Wimbo huu hauimbwi bila mkia. Umesikia?”

“Nimesikia, mama.”

Niliuandika wote, na mkia wake. Kadi ile haikuwa na kosa.

Kosa lilikuja baadaye. Bwana Mkaguzi aliamua kutoa kijitabu cha mashairi ya Kiswahili cha kufundishia watoto mambo ya asili, nami nikapewa kutunga kutokana na kadi. Amri ilikuwa kila shairi liwe ubeti mmoja wa mistari minne, wenye vina na mizani. Mizani ni hesabu ya silabi, nane kwa nane kila mstari. Nilihangaika na uyoga siku tatu. Mkia haukuingia. Mwishowe niliandika hivi:

Masika yameshafika, msituni tuingie,
Uyoga umechipuka, kikapu tukijazie,
Wa njano ukichumika, mweupe tusiachie,
Mama akishaupika, na ugali tujilie.

Bwana Mkaguzi alisoma kwa sauti, akagonga meza kwa furaha. “Hili ndilo bora kuliko yote.” Nami nikafurahi. Nilijiambia kwamba mkia kila mama anaufundisha nyumbani. Karani Mkuu wa ofisi alichapa nakala kwa stensili, na vijitabu vikaenda shuleni hadi Nzega na Igunga.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilipita Mtendeni. Watoto walikuwa wakiruka kamba na kuliimba shairi langu. Bi. Kalunde alikuwa mlangoni pake. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika.

“Mwalimu, mkia uko wapi?”

“Mama, nafasi haikutosha...”

“Nafasi?” Alinitazama kama anayetazama mgonjwa. “Hawa wa hapa nimewafundisha mwenyewe. Na wale wa Choma, huko Igunga? Kule wengi ni wafugaji, uyoga wa porini hawaujui. Wataamini kitabu.”

Nilirudi ofisini mbio. Bwana Mkaguzi alinisikiliza, rangi ikampotea, kisha akajikusanya. “Tutaandika waraka. Utakwenda na posta ya wiki ijayo.”

“Bwana, uyoga umeota leo.”

“Kuna taratibu, mwalimu.”

Sikuomba ruhusa tena. Alfajiri iliyofuata nilipanda lori lililokuwa likienda kuchukua pamba, nikafika Choma mchana. Mwalimu Mkuu wa shule ile alinipokea kwa heshima, kisha akashangaa. “Lakini kitabu kimetoka kwenu! Leo ni Jumamosi, watoto wameshaingia porini tangu asubuhi. Nimewatuma mimi, ndilo somo lenyewe.”

Tuliwakuta wakirudi kwa mstari, vikapu vichwani, wakiimba. Niliwamwagisha vyote chini. Mashina mengi yalikuwa yamekatwa juu juu, hata kikombe kisingeonekana. Tuliutupa wote mweupe, wa kuliwa na wa kuua. Wengine walilia. Nikawahesabu kwa majina ya daftari la shule. Alikosekana mmoja, Milembe, aliyetangulia kwenda kwao.

Nilivua viatu, tukakimbia. Mama yake alikuwa jikoni, chungu kikitokota. Nilikiinua kwa kanga na kukimwaga majivuni bila hata hodi.

“We mwanamke una wazimu?” alipiga kelele. “Hicho ndicho chakula chetu!”

“Kuna aliyekula?”

Milembe, wa miaka minane hivi, akajibu mwenyewe: “Mimi nimeonja. Vipande viwili.”

Tulimpeleka kwenye zahanati ya misheni kwa mkokoteni wa ng’ombe. Njiani alikuwa mzima, akicheka, hata mama yake akaanza kunilaani upya. Kesho yake akaanza kutapika. Mganga wa zahanati hakuwa na dawa ila maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Siku nne nilikaa ukutani kwa nje, kwa kuwa mama yake hakutaka nimkaribie. Siku ya tano Milembe aliomba uji. Alipona, ila mwaka ule mzima alikuwa dhaifu na shule ikampita.

Niliporudi Tabora nilikuta karatasi mezani. Bwana Mkaguzi alikuwa ameandika taarifa kwa wakubwa wake: mtoa habari Kalunde, mzee asiyejua kusoma, alisahau mstari mmoja. Mahali pa sahihi yangu paliachwa wazi.

“Weka sahihi, nawe ubaki na kazi yako,” alisema kwa upole. “Mama yule hatadhurika. Hataisoma kamwe.”

Kazi ile niliipenda kuliko kitu chochote. “Bwana, hakusahau. Kadi ipo. Mstari nimeufuta mimi.”

Aliichukua taarifa ile, akaichana. Taarifa mpya ilisema kweli, nami wiki ile ile nikarudishwa darasa la kwanza. Kijitabu kilichapwa upya, safari hii shairi la uyoga likiwa na mistari mitano, mkia ukiwa ndani, bila jina la mtu.

Nimefundisha tangu hapo mpaka kustaafu; bendera ya Mwingereza iliteremshwa nikiwa darasani. Vijana wa utafiti wanaponijia na maswali huwaambia: wimbo wa mtoto ni somo zima. Usiukate kabla hujajua kila neno lake linamlinda nani.

Nilipostaafu nilikwenda Choma. Milembe alikuwa ameolewa mbali, ana watoto. Mama yake nilimkuta akianika mtama. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani. Aliacha kuanika, akanitazama.

“Ulikimbia sana siku ile,” akasema. “Nilikuona kwa mbali, viatu mkononi. Lakini ulichelewa kuanza.”

Kisha akanivutia kigoda, akaendelea kuanika.