Mbolea Niliyowaahidi Walimu

Mkuu wa chuo aliniita ofisini Jumatatu moja ya Machi, akanionyesha kikaratasi alichokuwa amekibandua kwenye kompyuta ya maktaba. Juu kilikuwa na jina la kuingilia kwenye mtandao wa chuo, na chini yake paswadi. Paswadi yenyewe ilikuwa jina la chuo, likifuatwa na moja, mbili, tatu.

"Hii ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya kila mtu," nikamjibu.

Sikuwa ninamtania. Nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja katika kitengo cha kompyuta cha chuo hicho cha Kitale, na kitengo chenyewe kilikuwa mimi, meza moja na feni iliyozunguka ikipenda. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba anayeingia mtandaoni kwa jina la mwalimu ndiye mwalimu mwenyewe. Lakini walimu wetu waliombana paswadi kama majirani wanaoombana chumvi. Mmoja akienda likizo, mwenzake anaingia kwa jina lake na kumjazia alama za wanafunzi. Nilibandika matangazo. Niliandaa semina mbili. Walikuja, wakanywa chai, wakanisifu kwamba nimefundisha vizuri sana, kisha wakarudi mezani kuandika paswadi kwenye kalenda za ukutani.

"Basi fanya kitu," mkuu akasema.

Nikamweleza nilichokuwa nikikifikiria. Nitawatumia walimu barua pepe ya uongo, mfano wa zile za matapeli. Atakayebonyeza linki na kuweka paswadi yake, ukurasa wangu utaandika tu kwamba fulani amenaswa, wala hautahifadhi hiyo paswadi. Baadaye tutakaa nao na kuwafundisha polepole. Mkuu akacheka, akatia sahihi, akaniambia mimi ni mtu wa akili.

Kilichonisumbua ni chambo. Zawadi ya simu wangeishuku. Safari ya Mombasa wangeicheka. Jioni hiyo nikielekea nyumbani Tuwan, nikapita mbele ya duka la pembejeo na kuona foleni imefika barabarani. Ulikuwa msimu wa kupanda. Chuo kizima, kuanzia mlinzi hadi mkuu, kilikuwa kinalima mahindi mahali fulani. Nikasimama pale nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Alhamisi saa mbili asubuhi nikatuma barua. Ilisema kwamba chuo kimepata mbolea ya kupandia, magunia mawili kwa kila mfanyakazi, bila malipo, na kila mtu athibitishe jina lake kwa kubonyeza hapa kabla ya adhuhuri. Nikaitia sahihi ya Ofisi ya Mgao, ofisi ambayo haijawahi kuwapo chini ya jua.

Kufikia chai ya saa nne, zaidi ya nusu ya walimu walikuwa wamenaswa. Nilikuwa nikihesabu majina kwa furaha simu ilipolia. Alikuwa mkuu wa chuo.

"Kijana, hii linki yako ya mbolea inakataa. Nimeweka paswadi mara tatu."

"Bwana mkuu, hiyo ni ile barua ya majaribio. Uliitia sahihi Jumatatu."

Nikasikia kiti chake kikilia.

"Sasa hiyo mbolea haiko?"

"Haiko, bwana mkuu."

"Hata kidogo?"

Nikatazama dirishani nikaona trekta. Mwalimu anayeongoza idara ya makanika, mzee mpole mwenye shamba huko Kwanza, nje ya mji, alikuwa ameliegesha mbele ya stoo likiwa na tela tupu. Nyuma yake walipanga mstari walimu wanne wenye mikokoteni. Mama wa stoo alikuwa amejifungia ndani na kuzungumza nao kupitia dirisha dogo, akiapa kwamba hajaona hata punje.

Kabla sijatoka, simu ikalia tena. Mara hii alikuwa mama yangu, kutoka Sirisia.

"Mwanangu, mbona hukuniambia? Watu wa kanisa wote wameipata kwa simu, ati hapo chuoni kwenu mnapeana mbolea. Mimi niisikie kwa jirani?"

"Mama, ni ya uongo."

"Nani ameandika uongo kama huo? Huyo ni mtu mbaya, bana. Mshikeni."

Nikamwambia tutamshika.

Mkuu akaitisha mkutano wa dharura katika chumba cha walimu, akanisukuma mbele nieleze. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu utambulisho wa mtu mtandaoni, jinsi paswadi ilivyo sawa na sahihi yako na uso wako. Nilifika sentensi ya pili tu. Kelele zilizuka. Mmoja akasema mimi ndiye tapeli. Mwingine akataka magunia yake yatoke kwenye mgao wa kitengo changu, kana kwamba feni ile ingetoa mbolea.

Aliyeniokoa, kama huko ni kuokolewa, ni mwalimu wa Kiswahili. Ni mama wa makamo, wazazi wake walihamia huku Trans-Nzoia kutoka upande wa Murang'a, na huzungumza Kiswahili kilichopigwa pasi. Alisimama akiwa ameshika barua yangu, ameichapisha na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu.

"Mimi sikubonyeza," akasema. "Tangu mstari wa kwanza nilijua ni uongo, na nilijua ni wa nani. Hapa imeandikwa 'mborea'. Tena hapa chini, 'mborea'. Niambieni, katika chuo hiki, nani mwingine huomba 'kalatasi' ya kuchapishia?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi mtu wa Bungoma, l na r hubadilishana viti mdomoni mwangu bila kuniuliza, na siku hiyo zilikuwa zimeshuka hadi vidoleni. Nilicheka pia, masikio yakiwaka moto.

Mwalimu wa makanika peke yake hakucheka. Tulipotoka nilimfuata hadi kwenye trekta. Akaniambia, bila hasira, kwamba aliposoma ile barua alimpigia mkewe, na mkewe akaongeza kipande cha shamba walichokuwa wamekiacha mwaka huo. Tayari kilikuwa kinalimwa.

Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa nimewaona kama majina kwenye orodha, huyu amenaswa, huyu bado. Sikuwa nimefikiria kwamba mtu akiamini kitu huanza kukitendea kazi palepale. Jumamosi nilikwenda shambani kwao Kwanza. Nilibeba gunia moja la mbolea nililolinunua mwenyewe, na nikapanda nao mahindi hadi viganja vikatoka malengelenge. Mke wa mwalimu aliniangalia nikishika jembe, akamuuliza mumewe kwa sauti ya chini kama kweli huyu ndiye aliyewashinda akili walimu wote.

Mwezi uliofuata walikuja matapeli wa kweli. Barua ilitumwa kwa jina langu, ikidai akaunti zote zitafungwa na kila mtu atume paswadi yake haraka. Hakuna aliyetuma. Hata mmoja! Nilikaribia kulia kwa furaha. Kisha nikatuma barua yangu halali, kuwaomba wabadilishe paswadi kwa usalama. Hiyo nayo hakuna aliyeitii.

Badala yake walianza kuja mlangoni kwangu, mmoja mmoja, kunihoji.

"Ni wewe kweli uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Tulikula nini Ijumaa?"

"Githeri."

"Mtu yeyote anaweza kujua githeri."

Ilibidi mwalimu wa Kiswahili aingilie kati. Tulikubaliana kwamba kila tangazo langu lipitie kwake kwanza, alisahihishe, kisha alisome kwa sauti yake wakati wa chai. Likisikika kinywani mwake, ni la kweli. Na kubadilisha paswadi tukafanyia ofisini kwangu, ana kwa ana.

Mwalimu wa makanika alikuja siku ya pili. Alivua kofia, akaisimamisha mbele ya kibodi kama ukuta, akanitazama.

"Angalia nje."

Nikageuza kiti kuelekea dirishani. Nikamsikia akibonyeza herufi moja, akipumzika, akibonyeza nyingine. Kompyuta ikalia kukataa.

"Inasema hii nimeshaitumia," akanung'unika.

"Weka nyingine, mwalimu. Ndefu kidogo."

"Wewe angalia nje tu."

Nikaendelea kutazama wanafunzi wakivuka uwanja, mpaka kengele ya chakula cha mchana ikalia naye bado anabonyeza.