Vanishi Niliyoiwahisha kwenye Kiti cha Mama

Mwanangu, ngoja kwanza, weka chini hiyo brashi. Nimeona mbao umezipanga ukutani na kopo la vanishi umeshalifungua, na moyo wangu umeruka, maana naikumbuka vizuri Jumapili moja ambapo haraka ya namna hiyo ilitaka kunivunjia mama.

Wakati huo nilikuwa konstebo msichana, nakaa nyumba za polisi upande wa Port Bell. Mama alikuwa Arua, mbali huko kaskazini. Alivunjika nyonga, ikaungwa, akapona, lakini daktari alimwambia wazi kwamba akianguka mara ya pili, kutembea ndiyo basi. Nikamwita aje akae nami. Shida ikawa pa kukaa: nilikuwa na sofa moja iliyodidimia, ambayo hata mtu mwenye afya akikaa humo anaomba msaada kuinuka. Basi nikasema kiti cha mama nitakitengeneza mwenyewe, kirefu, chenye mikono ya kushika anaposimama.

Weee, nilivyoifurahia kazi ile! Siku za mapumziko nilikuwa nachonga tangu asubuhi. Ncha ya kila ubao unaolala kati ya miguu, na ya mikono pia, niliichonga ikawa ulimi, kila mguu nikautoboa tundu kwa patasi, na ulimi ukaingia kwenye tundu lake ukatulia. Niliongea na mbao peke yangu, majirani wakicheka. Mafundi gereji wa Kisenyi walinipa tyubu kuukuu za magari nikazikata vipande virefu vya kufungia, maana klampu za chuma za kubana mbao gundi ikikauka sikuwa nazo.

Sasa sikia ujinga wangu. Sisi polisi tulifundishwa kung'arisha: buti, mkanda, vifungo, hadi mahali ambapo hakuna anayekagua. Nikaona kiti cha mama nacho king'ae hivyo hivyo. Kabla ya kuunga chochote nikapaka vanishi kila kipande, pande zote, ndimi na ndani ya matundu pia. Jumamosi ilipokauka ndipo nikatia gundi na kufunga mpira. Jumapili asubuhi nikafungua, na kiti kikasimama kama bwana harusi. Nikashindwa kujizuia, nikatoka kutafuta mtu wa kunisifu.

Nikamkuta Mzee Odongo, jirani yetu, mstaafu aliyewahi kufundisha wafungwa useremala. Nilipomwingiza ndani alikizunguka kiti, akauliza atakaa nani. Nikamweleza habari za mama na nyonga yake, na kwamba basi lake lingefika mchana ule. Akauliza vanishi niliipaka lini. Nikamjibu kwa majigambo yote. Alikanyaga ubao wa chini, akashika mkono wa kiti, akavuta mara moja. Mkono ukachomoka mzima, ulimi unang'aa, gundi inaning'inia kama utando wa maziwa.

Mwanangu, nilikasirika. Kidogo nimtie pingu mzee wa watu. Nikamwambia ameniharibia kiti.

"Binti yangu, hiki hakikuwa kiti bado," akasema. "Gundi lazima iingie ndani ya mbao ndipo ishike, na wewe umeifungia mlango. Mama yako angeshika hapa hapa akiinuka."

Hasira yote ikaniishia. Nilimwona mama sakafuni, wallahi, nikakaa chini. Mzee hakunibembeleza, aliomba patasi.

Tukabomoa kiti chote, na viungo viliachia bila ubishi, jambo lililonitia aibu zaidi. Tukakwangua kila ulimi na kila tundu mpaka mbao tupu. Ndimi zikawa nyembamba, zinacheza. Nilitaka kujaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi, mzee akakataa, akasema unga hauna nguvu ya kubeba mtu. Alipitisha randa kwenye ubao, akatoa utepe mwembamba, akaugandisha kwenye ulimi hadi ukabana tena. Gundi tukaipaka pande zote mbili. Kwa kamba tukapima kona hadi kona, kiti kisije kikakaa upande. Kisha mpira, tukavuta mpaka gundi ikatoka jasho kwenye maungio, tukaifuta kwa kitambaa chenye maji. Mzee akaamuru kisiguswe mpaka kesho, hata aje waziri.

Mama alifika mchana huo, amechoka, miguu imevimba, akakikuta kiti chake kimefungwa mpira mweusi kila mahali. Alipotaka kukaa nikamzuia.

"Kiti changu umekikamata kwa kosa gani?" akaniuliza.

Nikamweleza ukweli wote huku namkalisha kitandani na mto mgongoni. Alicheka, lakini kila alipotaka kwenda msalani ilibidi nimnyanyue kwa makwapa, na niliona wazi kwamba hapendi.

Jumatatu Mzee Odongo akaja na vijiti vya mti mgumu. Tukatoboa kila kiungo toka pembeni, mguu na ulimi wake kwa pamoja, tukapigilia kijiti chenye gundi. Chini ya kikalio tukatia vipande vya pembetatu kwenye kona nne na kuvikaza kwa skrubu. Mzee akakaa yeye kwanza, akajitikisa, mtu mzito yule, kiti hakikulia. Ndipo mama akakaa. Akashika mikono yote miwili, akasukuma, akasimama peke yake. Akakaa tena. Akasimama tena. Mara ya tatu hakurudi. Alitembea hadi mlangoni kuwasalimia majirani, na mimi nyuma yake nalia na kucheka kwa pamoja, konstebo mzima.

Basi, mwanangu, vanishi ni ya mwisho. Unga mbao zikiwa tupu, zifunge, zisubiri siku nzima, tia vijiti, ndipo upake upendavyo. Pale ambapo uzito wa mtu utaegemea, usitangulize urembo. Na kabla hujamkalisha unayempenda, mwite anayeijua kazi, mwache avute kwa nguvu zake zote. Kiungo kikimchomokea mikononi, mshukuru. Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayekaa juu ya kazi yako ainuke mwenyewe, bila kumwomba mtu amshike.