Mwenye Mikono

Jirani yangu Lukumani ana mabega ya kubebea mlango. Ukishusha macho, utakuta miguu myembamba utadhani kaiazima. Ndiye humkatia chikichi mama mkwe wake, Mama Rachida, hapa Kasongo, na mawese ya nyumba yake hutoka katika michikichi ya huyo mama.

Zamani alipanda juu ya mti vizuri. Kisha akanunua pikipiki ya kubeba abiria wa Kabambare, akaacha kutembea. Hata msikitini, ng'ambo tu ya uwanja wake, alienda akinguruma. Mke wake Amisa alipomsema, alijibu, "Miguu ni ya kutembea. Kupanda iko kazi ya mikono." Basi akawa anajizoeza mikono: ananing'inia kwenye boriti ya jiko na kujivuta juu, mpaka masizi ya paa yakamwagika katika sufuria za Amisa.

Siku ya kukata ikafika. Kwetu mama mkwe hamtazami mkwewe akiwa mtini, wala hasemi naye ana kwa ana. Mama Rachida aliupa mti mgongo, akakaa akielekea ukuta wa nyumba yake, asikilize mikungu ikianguka. Hakikuanguka kitu. Lukumani alikuwa katikati ya shina, mshipi wa kamba umemzunguka yeye na mti, magoti yanatetemeka, ameukumbatia mchikichi kama ndugu aliyepotea. Mikono ikichoka, miguu ndiyo husukuma, na yeye hakuwa na miguu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Huyu alidharau mguu wenyewe. Akashuka kwa kifua.

"Amisa," mama akasema, bado kaelekea ukutani, "ambia ule mwenye mikono: mavuno ingine ikimushinda tena, nitaita Clovis."

Clovis ni mkata chikichi wa mtaa wa pili, na hulipwa kwa mawese. Nilicheka, kisha nikaona Amisa hacheki. Bila mawese yale, hana cha kupikia wala cha kuuza sokoni.

Akaufunga ufunguo wa pikipiki kwenye pindo la kitenge chake. Kisha akamleta mumewe kwenye mtumbwi mkuukuu uliotoka Nyangwe, ambamo sisi wanawake hukanyaga chikichi zilizochemshwa ili kutoa mawese.

"Mama mukwe ataona miguu yangu," Lukumani akalalamika.

"Miguu gani?" nikamuuliza.

Akaingia na suruali ndefu. Mwanzoni alikanyaga kidogo tu, akaomba maji, akamshika Amisa bega. Sisi tuliimba, yeye alihema. Lakini alirudi kesho yake, tena kwa miguu, na msimu wote wa mvua suruali yake ilikuwa nyekundu hadi magotini. Wanaume sokoni walimtania, akawaacha waseme.

Mavuno yakarudi. Mama Rachida akageuka tena ukutani. Lukumani akakaza nyayo kwenye shina, akasukuma, akapandisha mshipi, akasukuma tena. Alipofika pale alipokwama zamani, akasimama. Mimi Odile, ambaye sijawahi kukosa neno la kumtania, nikajikuta nasukuma ardhi kwa nyayo zangu. Amisa alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu mpaka ukauma.

Akasukuma. Muda si muda mkungu ukaanguka, puu, na mwingine juu yake.

Mama Rachida hakugeuka. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Amisa, ambia ule mwenye miguu ashuke polepole. Sina mukwe mwingine."