Mwaka Akumu Aliotangulia

"Shangazi, hayo maneno yenu huchaguliwa na nani?"

Patience aliuliza hivyo akiwa darasa la sita. Akumu, aliyekuwa ameloweka miguu kwenye karai, alimwambia aende akachote maji.

Kwa miaka kumi na tisa Akumu alivusha sukari Busia kwa njia za panya, kilo ishirini kichwani, yeye na wanawake wenzake sita, mmoja nyuma ya mwingine. Sukari waliiita mchanga. Kuvuka kulikuwa kuoga. Askari wa mpakani walikuwa wakwe, maana ukimwona mkwe njiani unaingia kichakani mpaka apite.

Maji Patience alichota, lakini masikio aliyaacha nyumbani. Alikusanya maneno ishirini na matatu, akayaandika daftarini pamoja na maana zake. Mwalimu alipotaka maneno ya mitaani, kazi yake ndiyo iliyobandikwa ukutani siku ya wazazi. Mgeni mmoja, mfanyakazi wa mpakani, alisoma, akacheka, akapiga picha kwa simu. Akumu alimwona.

Wiki iliyofuata mwenzao Amondi, aliyekuwa mbele njiani, alinong'ona kwamba wakwe wapo. Sauti ikamjibu kutoka kichakani: "Karibuni, wakwe zetu. Tueni mchanga hapa."

Wanawake wakakutana nyuma ya kinu cha unga kuuliza nani kafungua mdomo. Akumu angemtaja mtoto, wangesema nyumba yake haina mlango, siri hutoka, wasitembee naye tena. Na peke yake hakuna anayevuka.

"Ni mimi," Akumu alisema. "Niliropoka matangani."

"Pombe ya matanga itatuzika sisi, we Akumu," Amondi akamwambia.

Hawakumfukuza. Walimpa kutangulia mwaka mzima, yaani kukutana na wakwe kabla ya wengine. Magoti yalishakataa kukimbia. Akiwaona, alikaa tu chini katikati ya njia na mzigo wake, na wenzake nyuma wakaelewa, wakatawanyika. Alishikwa mara nne. Akirudi nyumbani Nagongera hakusimulia kitu. Alijilaza na viatu miguuni.

Siku hizi havuki. Anauza sukari kwa vifuko sokoni, na kila anapoitaja kwa jina lake bado hugeuka kutazama nyuma.

Likizo iliyopita Patience, sasa msichana wa sekondari, alikutana na Amondi, akasimuliwa habari za mwaka ule na hayo ya matangani. Akaenda sokoni, akakaa kando ya shangazi yake. Hakujua msamaha unaombwaje. Akajikuta anauliza swali lake la zamani.

Akumu alimaliza kufunga kifuko, akapumua.

"Anayetangulia," alisema. "Ndiye hushikwa kwanza, basi wenzake humwachia achague. Mwaka ule ilikuwa kazi yangu. Kila neno jipya nikilifikiria, nakuona wewe na kalamu yako. Nikachoka, mwanangu. Tukavuka kimya."