Dirisha la Baba na Mfarishi wa Eda

Kaka yangu alimleta fundi wa kung'oa dirisha huku mama yumo ndani ya eda. Naanza na hilo kwa sababu kila nikilikumbuka damu hunichemka, na sitaki msomaji afike mbali bila kujua nimekasirishwa na nini.

Dirisha lenyewe lilikuwa kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, pale ngazi inapokata kona kwenda juu. Nusu duara ya vioo vya rangi, vyekundu, vya kijani na vya buluu, kila kimoja kimeshikwa na ukingo wake mwembamba wa mti. Nilipokuwa mdogo, na kaka yuko bara anasoma, kioo kimoja cha buluu kilivunjika. Baba alizunguka mji mzima asipate cha kufanana nacho, akapachika cha njano. Majirani walimcheka, mwenyewe hakujali.

Baba alipofariki, mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki wala hajipambi. Kanga zake za rangi aliziweka kando. Haikupita wiki nikamkuta kaketi chini ya dirisha lile, mkasi mkononi, anazikata.

"Mama, unafanya nini?"

"Nnashona mfarishi. Au ulitaka unikute nnalia?"

Mfarishi kwetu ni tandiko zito la vipande vya nguo vilivyoungwa, na pamba katikati. Mama alifundishwa na mama yake kule Bwejuu. Lakini huu aliufanya kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Baada ya alasiri, jua lilipopenya vioo na rangi zikaanguka sakafuni, alitandaza bafta nyeupe juu yake, akachora kila kipande kwa kalamu ya risasi kabla jua halijahama. Kisha akakata kanga kufuata michoro ile. Vitambaa alikwenda kuvichagulia jikoni, maana chini ya dirisha lile kanga nyeupe ilionekana ya kijani na ya kijani ilionekana nyeusi.

"Mbona vipande vyote vimelala upande?" nikamuuliza.

"Ndivyo jua linavyoviweka. Mie nafata tu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vitu hivi viwili vimenivuta tangu utotoni. Kipande kimoja cha kioo chekundu ni taka, kitakukata mguu. Pembe ya kanga kuukuu ni tambara la kushikia sufuria. Kiunganishe kila kimoja na wenzake, utakaa unavitazama mpaka chai ipoe. Na kinachonasa macho si rangi peke yake, ni mipaka pia, mshono wa huku na mti wa kule, inayokuonesha kwamba kuna mtu aliyekaa akaunga. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kaka hayaoni haya. Alitaka ghorofa ya juu iwe vyumba vya wageni, na wageni, kwa maneno yake, wanataka mwanga. Mwanga! Kana kwamba miaka yote ile tuliishi kaburini. Asubuhi moja fundi akapiga hodi chini.

"Kuna mwenye eda huku juu!" nikamjibu.

 Kisha nikamsikia anamgeukia kaka: "Astaghfirullah! Mbona hukunambia?" Akaondoka na patasi zake.

Kaka akapanda, kavimba. "Mama, ungeingia chumbani tu. Kazi yenyewe haimalizi saa mbili."

"Eda yangu nnakaa hapa," mama akasema, macho hayakuondoka kwenye sindano.

Tangu siku ile hakuhama. Mkeka, mto na msahafu, vyote chini ya dirisha. Fundi gani mwenye adabu atathubutu kupita? Nilishangilia kama tumeshashinda. Mama alijua kwamba eda ina mwisho, ndiyo maana alikuwa akishona haraka.

Nilimwambia kaka kwa upole, nikamwambia kwa ukali. Sikio la kufa halisikii dawa. Akanijibu nisijali, amenunua plastiki ya kubandika yenye picha ya vioo vya rangi, ataiweka kwenye mlango wa wageni. Picha ya vioo! Na madukani siku hizi yapo mablanketi yaliyochapwa viraka, hayana mshono hata mmoja. Watu wanaipenda sura ya kazi, kazi yenyewe wanaitupa jaani.

Eda ikaisha, mama akaenda Bwejuu kumwona dada yake. Nami nikafuatana naye, mjinga mimi. Tuliporudi tukakuta dirisha la aluminiamu, kioo cheupe kama cha benki. Vile vya rangi vilishabebwa na kifusi. Nilikwenda jaani nikachakura, sikupata hata kile cha njano. Mama akachukua ufagio, akafagia vumbi lililobaki ngazini. Mimi nilisema ya watu wawili.

Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula, mama akautoa mfarishi, umekwisha, umekunjwa vizuri. Akampa nani? Kaka!

"Mama, huyu?" Nilishindwa kujizuia. "Huyu huyu?"

"Naye mwanangu."

Kaka akaukunjua mapajani. Nisimdhulumu, aliutazama kwa muda mrefu, akawa anapitisha kidole kwenye mishono. Kidole kikasimama. Katikati ya vipande vya buluu palikuwa na kimoja cha njano, nacho hakikuwa kanga.

"Hiki si kikoi cha baba? Mbona umekitia hapa, kwenye buluu?"

"Nenda kalitazame dirisha," mama akasema, "utajua."

Kaka akainuka. Akafika kwenye ngazi, akapanda vidato viwili, kisha akasimama pale pale, ametugeuzia mgongo, mbele yake kile kioo cheupe.