Bakteria wa Mwalimu

Mtaalamu wa maabara huwa hasemi na mtu asubuhi kabla hajainua kisahani kwenye mwanga na kuwasalimia bakteria wake: "Mmeamkaje?" Leo salamu imemkaukia mdomoni. Vinasaba vilishaonyesha kwamba bakteria huyu si wa ukoo ambao mzee aliyemfundisha kazi alimwainisha nao zamani. Bado akarudia kipimo cha kuona kama bakteria anachachusha sukari, akakirudia tena, ukucha wa gumba ukiikwaruza lebo kuukuu ambayo mwalimu aliandika jina la ukoo, bila kuibandua. Majimaji yaligoma kugeuka njano, kama ambavyo yangegeuka kwa bakteria wa ukoo ule. Akampigia mzee simu.

"Mwalimu, si wa ukoo wetu."

Kisha ile sauti iliyomfundisha kushika kichupa ikauliza, "Una hakika?"

"Vipimo vyote, Mwalimu."

"Basi mrudishe kwao, mwanangu. Mimi nilimlea tu."

Akaibandua lebo taratibu, kama anayemvua shati mtoto aliyelala.