Dume la Uso Mweupe

Watu wa Kalenga wakimtaja kaka yangu Philbert husema alikuwa na mkosi. Mkosi gani? Alikuwa mbishi. Mimi Juliana ni mdogo wake anayemfuata. Mume wangu alipofariki nilihamia kwake na ng'ombe wangu watatu, kwa hiyo nilikiona alichokuwa nacho, na nilikiona kikiisha.

Baba alituacha watatu: Philbert, mimi, na Danieli kitinda mimba. Misheni ilipotaka watoto wa shule, baba alisema mmoja asome na mmoja achunge. Philbert alikuwa amekwisha kuwajua ng'ombe wote kwa milio yao, basi akaachiwa fimbo. Danieli akashonewa kaptula. Hata ndevu zilipomwota, Philbert hakuweza kuona kaptula ya kaki bila kutema mate.

Danieli akawa msaidizi wa bwana mifugo, akajenga ng'ambo ya mto. Philbert alibaki na zizi la baba: majike kumi na moja, wafupi, wagumu, wenye nundu ndogo. Mnadani Iringa wanunuzi waliwapapasa mgongo na kucheka. Mwaka 1953 alichoka kuchekwa. Akasema atatafuta dume la mbegu nyingine, apate ndama wenye nyama. Ili mbegu isichanganyike, aliazima koleo la kuhasi, akahasi madume yote ya zizi siku moja. Akahasi na dume langu mimi, mwana wa jike niliyepewa na mume wangu. Hakuniuliza. Nilimkuta anafuta mikono kwenye majani.

"Dume lako lilikuwa dogo kama mbuzi," aliniambia.

Siku tatu sikumpikia.

Kulikuwa na madume mawili ya kuchagua. Kituo cha mifugo cha serikali kilikuwa na dume la Borani, jeupe, lenye nundu kubwa na ngozi iliyolegea shingoni. Na mzungu mmoja aliyekuwa anafunga shamba lake alikuwa anauza Herefodi: jekundu, uso mweupe, mgongo mpana, miguu mifupi iliyobeba nyama mpaka chini. Philbert alikwenda kuyatazama yote mawili, akarudi hajaamua. Nilimsikia akimwambia mkewe Tekla kwamba la Borani lina kwato nzuri.

Hapo ndipo Danieli alipovuka mto kuja kwangu. Nyumbani kwetu, mdogo akiwa na neno la kumkosoa mkubwa wake hampelekei mwenyewe. Analileta kwa dada, na dada analisema akiwa anatenga chakula, kama vile ni lake.

"Kamwene, dada," Danieli aliniambia. "Mwambie kaka achukue Borani. Yule Herefodi amekulia kwenye josho, kila wiki anaogeshwa dawa. Hapa josho hakuna. Kupe watamuua kwa homa ya ndigana kabla masika hayajaisha."

Neno lilikuwa zuri. Lakini mimi nilikuwa bado naliona dume langu likichechemea.

"Una miguu na una mdomo," nilimjibu. "Nenda kamwambie mwenyewe."

"Dada, unajua haifai."

"Basi usiseme. Kwani mimi tarishi wako?"

Akaenda. Jumapili, nje ya kanisa, wanaume wote wa kijiji wamesimama, Danieli na kaptula yake ya kaki akamweleza mkubwa wake habari za kupe, josho na ndigana kama anamfundisha mtoto. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali, mmoja akasema, "Msikilize msomi, Philbert."

Philbert akasema polepole, "Mimi nimenyeshewa mvua miaka yote ili wewe ukae kwenye benchi. Leo unanifundisha ng'ombe?"

Kesho yake aliswaga maksai wanne hadi kwa mzungu, akarudi na Herefodi.

Sitasema uongo, lilikuwa dume zuri, na lile jitu kali lilipenda kukunwa chini ya kidevu. Philbert alilipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Asubuhi alilitoa kupe masikioni kwa vidole, mmoja mmoja, akalipaka mafuta ya taa kwa kitambaa. Jua likipanda lilijificha kivulini na kuhema, ulimi nje, majike wanalipita. Lilipanda majike wawili tu, wala hawakushika mimba. Mwezi wa pili tangu lifike, mvua imekolea, tezi zilivimba chini ya masikio. Likakohoa siku nne, povu likitoka puani. Siku ya tano lilikufa, kichwa chake kiko mapajani mwa kaka yangu.

Kijiji kilicheka. Walimwita Uso Mweupe waziwazi, hata watoto. Naye akakataa kuchanganya ng'ombe wake na wa watu malishoni, akawachunga peke yake nyuma ya kilima, zizi zima bila dume. Wakati huo Danieli alikuwa amekwisha kupata Borani wake, akatuma salamu mara tatu: leteni majike, hakuna masharti. Philbert alimfukuza mjumbe kwa jiwe.

Mimi niliwavusha mto majike wangu watatu, mchana kweupe, nikatukanana na Philbert mpaka majirani wakatoka. Walizaa ndama weupe, wenye mifupa mipana, wanaoumaliza msimu wa jua bila kukonda. Ng'ombe wa Philbert walizeeka matumbo matupu. Mmoja baada ya mwingine walikwenda mnadani, wafupi walewale, na safari hii hakuna aliyejisumbua kucheka.

Mwaka 1958, zizi likiwa limeota magugu, nilimtengea ugali nikamuuliza kwa ukali, "Hivi Danieli alikukosea nini hasa?"

Alitafuna kwanza. "Aliyosema yalikuwa kweli, hata siku ile nilijua," alijibu. "Lakini alinivua nguo mbele ya watu. Angekutuma wewe, Juliana, ningechukua Borani. Alijua njia, akairuka kwa makusudi. Huyo si mdogo wangu."

Mkono wangu ulikuwa kwenye bakuli la mboga. Nilitaka kusema. Nikamwangalia alivyokonda, nikaona kwamba nikisema atanifukuza mimi, na nina ng'ombe saba na pa kwenda sina. Nikamwongezea mboga.

Alikufa mwaka uliofuata. Danieli alikuja mazishini akasimama mbali na kaburi, akaniuliza mimi kama anaruhusiwa kusogea.